Marahaba ya Kaka Ezekieli

Habari ya msiba ilinifikia kwa nyuso zinazolia kabla haijanifikia kwa maneno. Nilikuwa Kinyangiri kwa binti yangu Magreth, aliyekuwa amejifungua, nimeenda kumwogesha mtoto na kumpikia mama yake uji. Asubuhi ile ya Jumatano nilikuwa nimekaa nje ya jiko nikisubiri maji yachemke, simu ikawa inatetemeka mfululizo juu ya kinu nilipoiweka. Nikaifungua. Ilikuwa ile programu ya kazini, ambayo tangu ibadilishwe sura sikuwa nimeizoea.

Kwenye ukurasa wenye kengele niliona jina la Nasri wa ofisini na uso unaolia. Chini yake jina la Hajira wa kituo cha Kintinku, naye uso unaolia. Kisha wengine, nyuso na mikono iliyokutanishwa kama ya mtu anayesali. Walikuwa wanaulilia ujumbe wa meneja wetu, Bi Rukaiya, lakini ujumbe wenyewe ulikuwa umekatwa. Ulisomeka "Kwa masikitiko makubwa uongozi wa kiwanda", ukaishia hapo.

Nikabonyeza pale ulipokatwa, nikapelekwa kwenye picha za madumu mapya ya mafuta. Nikarudi nyuma. Nikabonyeza tena na kushikilia kidole, pakatokea mstari wa alama ndogondogo, nikagusa mojawapo nikidhani ndiyo ya kufungulia. Mstari ukapotea. Nilianza kufikiri kwamba kiwanda kinafungwa, na nikawa najiuliza sisi wa kujaza mafuta tutaambiwa lini.

Ndipo mwinjilisti Philipo akaingia uani, na nyuma yake mama mkwe wa Magreth. Mwinjilisti hakuwa na kawaida ya kutembelea watu saa zile, tena akiwa amevaa koti.

"Bwana asifiwe, mama Magreth."

"Amina. Karibuni."

"Umeshakunywa chai?"

"Bado."

"Kunywa kwanza. Sisi tutakaa."

Kwetu mtu hapigiwi simu akaambiwa msiba akiwa peke yake. Hutafutwa watu wazima waende, wamkalishe, waone ana nguvu, ndipo wamwambie. Nilimtazama mwinjilisti, nikaitazama simu mkononi mwangu, nikaona kwamba ni jambo moja.

"Mwinjilisti, ni nani?"

"Tuombe kwanza."

"Tutaomba. Ni nani?"

Akainama. "Ni kaka yako Ezekieli, mama. Alfajiri hii."

Nilikuwa nimetoka kumwacha Ikungi mzima, anacheka. Nilimwambia mwinjilisti kwamba haiwezekani, kwa kuwa Jumamosi alikuwa amepatana na watu wote. Hakunielewa, na hakuwa na namna ya kunielewa. Nayaandika haya ili watoto wa kaka na watu wa kanisani kwetu wajue nilikuwa nasema nini.

Kaka yangu Ezekieli Mughwai alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha kukamua alizeti pale Ikungi. Aliingia kikiwa na mashine moja tu, ya kelele nyingi, na ghala likiwa banda la mabati. Alikuwa kifungua mimba wa nyumba yetu. Alichunga ng'ombe wa baba, akaoa Editha, akajenga karibu na kaburi la baba, akawa mzee wa kanisa. Hakuwa mtu wa mambo makubwa. Wakulima walimpenda kwa sababu aliingiza mkono mpaka chini ya gunia, akatafuna mbegu moja, akamwambia mtu ukweli bila kumfokea kwamba alizeti yake bado mbichi, airudishe juani.

Kitu ambacho kila mtu alimjulia ni salamu. Kwa kaka, kazi haikuwa imeanza mpaka watu wawe wameamkiana. Kila asubuhi alitoka getini kwa mlinzi, akapita kwenye mashine, akaja kwetu wa madumu, akamalizia ofisini, na hakumruka mtu. Aliyekuwa mdogo alimwamkia, yeye akaitikia, kisha akauliza nyumbani, watoto, mifugo, na mgonjwa kama yupo. Mlinzi wetu Shukuru alikuwa akisema, "Mzee Mughwai akiumwa siku moja, kiwanda hakitawaka."

Miaka michache iliyopita ofisi ilileta ile programu ili vituo vya kununulia mbegu viwasiliane na kiwanda. Sote tuliingizwa, hata sisi wa madumu. Kaka aliipenda kuliko tulivyotegemea, kwa sababu sasa aliweza kuwaamkia na watu wa Kintinku. Kila asubuhi aliandika: "Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum ndugu zetu. Ikungi tumeamka, upepo ni mkali. Kintinku mmeamkaje? Hajira, mbuzi wako amepona?" Chini yake watu walifuatana. Shikamoo mzee, shikamoo mzee. Hajira aliandika, "Mbuzi amepona, ila hataki salamu za mtu asiyekuja kumwona." Naye kaka aliwajibu mmoja mmoja kwa jina. Marahaba Nasri. Marahaba Shukuru. Marahaba Hajira, mwambie mbuzi nitakuja kumla Krismasi.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika bila sisi kutambua. Kwa kuwa walishaamkiana kwenye simu, watu wakaacha kuamkiana tena uwanjani. Wakikutana walisema tu, "Mzee, upo," wakapita. Kaka mwenyewe aliacha ile safari ya kutoka getini mpaka ofisini. Alikaa mlangoni pa ghala, simu mkononi, anaitikia, akimaliza ndipo anafungua kufuli. Kila mtu aliridhika.

Kisha asubuhi moja ya Jumatatu programu ikaamka na sura nyingine. Rangi ilikuwa ya kijani, ikawa ya zambarau. Kundi letu lililokuwa mbele likahamia pembeni, ndani ya kitu kama droo. Chini pakaota vialama ambavyo ukigusa kimoja unajikuta mahali ambapo hukuomba. Bi Rukaiya aliandika kwamba ni muonekano mpya, rahisi na wa kisasa zaidi. Kaka alinionyesha ujumbe ule akaniuliza, "Rahisi kwa nani?" Nilicheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetafuta kundi la madumu tangu asubuhi, nikajikuta nimempigia simu ya picha fundi wa mashine akiwa ananyoa ndevu.

Kaka alilipata kundi, akaandika salamu yake kama kawaida. Akasubiri. Hakuna aliyejibu. Salamu ilikaa peke yake, na chini yake pakatokea kidole gumba kilichosimama, na namba. Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Uwanjani nako watu walimpita, "Mzee, upo," wakaenda zao.

Kaka alianza kujichunguza. Alikumbuka aliwahi kuyarudisha magunia ya mjomba wa Shukuru kwa kuwa yalikuwa na unyevu. Alikumbuka aliwahi kumwambia Nasri mbele ya watu kwamba suruali yake imembana kama ya mtoto aliyekua ghafla. Kila alichokumbuka alikiona kuwa sababu. Mwishowe akamsimamisha Nasri mlangoni pa ghala, nami nikiwa nimekuja kuchukua vifuniko.

"Nasri, salamu yangu ya leo uliiona?"

"Nimeiona mzee. Si nimekuwekea kidole?"

"Kidole."

"Gumba, mzee. Maana yake safi, nimekubali."

"Mimi nilikusalimia. Sikukuomba ukubali."

Nasri akacheka, akadhani ni utani wao wa siku zote, akakimbilia ofisini kwa kuwa aliitwa. Kaka hakucheka. Alitazama kile kidole kwenye simu kwa muda mrefu, kisha akaiweka simu mfukoni.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Chakula cha Bwana. Tulikaa benchi moja kama siku zote, mimi, yeye na wifi yangu Editha. Safu yetu ilipoinuliwa, kaka hakuinuka. Alivuta magoti pembeni ili tupite. Editha alimgusa bega, kaka akatikisa kichwa. Mzee wa kanisa kubaki kwenye benchi siku hiyo ni jambo ambalo watu huliona, na waliliona. Nilipokea nikiwa na mawazo, Mungu anisamehe.

Mchana nilimfuata kwake. Alikuwa uani, anapepeta mtama ambao ulikuwa umeshapepetwa.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Wewe angalau unaniamkia."

"Mbona hukwenda mezani?"

"Nitakwendaje, Feli? Bwana alisema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka palepale uende mkapatane kwanza. Mimi sina ndugu mmoja mwenye neno, nina kiwanda kizima. Hata Hajira. Nimemuuliza hali ya mbuzi wiki nzima."

"Wamekufanyia nini?"

Akanipa simu. Nikasoma salamu zake, moja kwa kila siku, zimepangana kama mtu anayezungumza na ukuta. Nikachukua yangu, nikafungua kundi lilelile, nikaona kilekile. Chini ya kila salamu palikuwa na vidole, na pembeni ya vidole maandishi ya Kiingereza ya rangi ya kijivu, madogo kama ulezi. Tuliyapita wote wawili. Nilidhani ni sehemu ya pambo.

"Labda wako mahali pengine," nilimwambia. "Labda wana kundi jingine."

Nilisema hivyo kumfariji, na ndivyo nilivyomuumiza zaidi.

"Basi wamenihama," akasema. Akaendelea kupepeta.

Editha alitaka ampigie Bi Rukaiya amuulize. Kaka akakataa. Alisema jambo la kukosana halisemwi kwa simu, na tena ni simu hiyohiyo iliyowakosanisha au iliyomwonyesha kwamba wamekosana, hakujua ipi. Jumamosi palikuwa na kikao cha wafanyakazi wote, na watu wa Kintinku wangekuja. Angesubiri aseme mbele yao. Wiki hiyo aliendelea kuandika salamu yake kila asubuhi. Alisema kuamkia watu ni wajibu wake, wakijibu au wasijibu. Ila alipunguza maneno. Ya mbuzi aliyaacha.

Kikao kilikaliwa ghalani, juu ya magunia. Tulijadili mashudu yanayochelewa kuchukuliwa, tukajadili maji. Ilipofika kwenye mengineyo kaka akasimama, akavua kofia.

"Ndugu zangu, sina maneno mengi. Nimekuwa nanyi siku nyingi. Kama kuna mtu nimemkosea hapa, kwa kazi au kwa mdomo wangu huu wa utani, naomba anisamehe. Au aniambie nijue. Kunyamaziwa ni kugumu kuliko kusemwa."

Watu wakatazamana. Bi Rukaiya akauliza, "Mzee Mughwai, nani amekunyamazia?"

"Ninyi."

Kisha Hajira, ambaye alikuwa amekaa nyuma amejifunga ushungi wake hadi puani kwa vumbi, akasimama taratibu.

"Mzee Mughwai, mimi nimetoka Kintinku leo na jambo langu moyoni, na wewe umenitangulia. Wewe ndiye umeninunia. Kila siku nakuamkia, shikamoo zangu zimelala tu. Marahaba yako sijaiona tangu programu ibadilishwe sura. Nikasema labda mzee amechoka na utani wangu. Nikaacha hata utani, nikawa naandika kwa adabu kama naomba kazi."

"Unaniamkia wapi, Hajira?"

"Si hapo hapo kwenye simu?"

"Na mimi," akasema Shukuru. "Mimi nikadhani ni yale magunia ya mjomba."

Kaka akamtazama Shukuru. "Na wewe ulikuwa unayafikiria magunia?"

"Kila siku, mzee."

Hajira akaja mbele, akaketi karibu na kaka juu ya gunia, akachukua simu ya mzee. Akaweka kidole juu ya yale maandishi ya kijivu madogo kama ulezi. Ukurasa ukateleza pembeni, na nyuma yake watu wote walikuwapo. Shikamoo mzee. Shikamoo Baba Mughwai. Tumeamka salama, wewe je? Mbuzi amezaa. Mzee, mbona kimya? Mzee, unaumwa? Majibu ya kila siku yalikuwa chini ya salamu yake ya siku ile, yamefungiwa kama kwenye chumba.

Kaka alitoa miwani, akaivaa, akaanza kusoma kuanzia ile Jumatatu ya kwanza. Na kwa kuwa hakuwa na hakika bado kwamba akiandika jibu litafika, alijibu kwa mdomo.

"Marahaba, Hajira. Marahaba, Shukuru. Hongera kwa mbuzi."

"Asante mzee."

"Marahaba, Hajira."

"Mzee, ya leo tu inatosha," Nasri akasema. "Kikao hakijafungwa."

"Haitoshi. Hii ya Jumanne haijaitikiwa. Na wewe Nasri sioni hata moja, naona vidole vyako tu."

Watu wakacheka. Nasri, ambaye ni mtoto wa mjini Singida na hana kawaida ya kuona haya, akasimama akaja mbele ya kaka, akasema kwa sauti, "Shikamoo mzee." Kaka akamwitikia. Bi Rukaiya alifunga daftari lake, akangoja mpaka kaka alipomaliza siku zote.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani alitembea kwa haraka, mimi nikawa nyuma. Aliniambia, "Mwezi ujao, Feli, nitakwenda mezani." Jumapili yake nilisafiri kwenda Kinyangiri kwa mzazi. Siku mbili zile alijifunza kuyabonyeza maandishi yale, Editha anasema, ingawa mara moja alijikuta ameongeza kengele ya kumwamsha saa nane za usiku na hakujua namna ya kuitoa.

Jumatano alfajiri aliamka kuvaa aende kazini, akakaa kitandani, akasema kichwa kinamuuma upande mmoja. Walimpakia kwenye gari la jirani. Hawakuwa wamefika hospitali alipokata roho. Presha yake tulikuwa tunaijua, lakini tulikuwa tunaijua kama mtu anavyojua kwamba paa la nyumba yake ni la zamani.

Asubuhi hiyo salamu haikutoka. Hajira aliniambia baadaye kwamba aliifungua simu mara nyingi, akabonyeza kila mahali, akasema moyoni, mzee amepotea tena kwenye zile droo.

Nilifika Ikungi jioni, nyumba imeshajaa. Mchungaji alikuwepo. Nilimuuliza kile ambacho kilikuwa kinanisumbua njia nzima, kwamba kaka ameondoka bila kufika mezani, na mara ya mwisho watu walimwona amebaki kwenye benchi. Mchungaji akasema, "Aliambiwa akapatane kwanza, akaenda akapatana. Meza ni ya Bwana, mama, si ya kalenda yetu." Nimelipokea neno lake. Kuna siku nalielewa, na kuna siku linanitoka mkononi, nabaki kujiuliza kwa nini Mungu hakumpa ule mwezi mmoja.

Usiku wa kukesha ulipopita, Nasri alinifuata nilipokuwa nachambua mchele na akina mama.

"Shikamoo mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

Akachuchumaa. "Mama, usinielewe vibaya. Kwenye lile tangazo la mzee, jina lako lina kidole gumba."

"Kidole gani?"

"Kile cha safi, nimekubali."

Nikaacha ungo. "Nimekubali kaka afe?"

"Hakuna aliyefikiri hivyo. Wote tulijua umepotea njia." Nikampa simu, akagusa mara moja, kikatoka. Akaniuliza kama nataka aweke uso wa kulia. Nilimwambia aache wazi.

Tulimuaga Ijumaa asubuhi chini ya turubai pale kwake. Jeneza lilikuwa wazi juu ya meza mbili, limefunikwa kwa kitenge cha Editha upande wa miguu. Editha alikaa kwenye kiti upande wa kichwa, mkono wake mmoja juu ya ubao. Kwaya iliimba, ndugu wakapita kwanza, kisha majirani, kisha wakulima, kisha watu wa kiwandani wakiwa wamefuatana.

Hajira alitangulia. Alisimama mbele ya kaka, akashika ushungi wake, akasema kama mtu aliyekutana naye mlangoni pa ghala, "Shikamoo, Mzee Mughwai."

Editha, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno na mtu yeyote, akainua uso.

"Marahaba, Hajira," akasema.

Akapita. Akaja Shukuru, akavua kofia ya ulinzi. "Shikamoo, mzee." Editha akaitikia, "Marahaba, Shukuru." Akaja Nasri, akaamkia kwa sauti ndogo, akaitikiwa. Wakaja wa mashine, wakaja wenzangu wa madumu, akaja Bi Rukaiya, na wifi yangu aliwaitikia wote, na yule ambaye hakumjua jina alimwita mwanangu.

Kisha jeneza likafungwa. Wanaume walilibeba hadi nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la baba, na Nasri alikuwa mmoja wao. Mchungaji alisoma, tukasali sala ya Bwana, likateremshwa. Editha alitupa udongo wa kwanza, mimi wa pili. Wanaume walifukia kwa makoleo wakipokezana, Wakristo na Waislamu, mpaka udongo ukawa juu ya ardhi. Uliwekwa msalaba wa mbao ulioandikwa jina lake, tukaweka maua. Mchungaji akatoa baraka. Tukanawa mikono kwenye beseni lililokuwa mlangoni, watu wakaitwa kula.